Mazingira kwa Kiingereza na Kilithuania: neno moja linapofungwa lumbesa

Kila habari za kaboni zinaposomwa redioni, najua maswali yako njiani. Shangazi yangu atauliza kama kaboni ndiyo ule moshi wa malori. Mdogo wangu, aliyesoma mpaka chuo, atauliza kama gesijoto ni gesi yenye moto. Mwingine atataka kujua kwa nini watangazaji siku hizi wanasema tabianchi wakati hali ya hewa ilikuwa inatutosha. Kazi yangu ni kufasiri, na kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja la haraka: katazame Kiingereza kinasemaje, maana ndiko maneno haya yalikotoka.

Lilikuwa jibu baya. Nililiacha nilipoanza kusoma sheria za mazingira za Umoja wa Ulaya katika lugha mbili kwa pamoja, Kiingereza upande mmoja na Kilithuania upande wa pili. Nilidhani nitaona maneno yaleyale yamevaa nguo tofauti. Nikakuta kwamba mahali Kiingereza kina neno moja, Kilithuania kina matatu. Na mahali Kiingereza kinapita haraka, Kilithuania kinasimama na kuuliza, unamaanisha nini hasa? Tangu hapo nimeelewa kwamba fujo tunayoiona katika Kiswahili cha mazingira mara nyingi haikuzaliwa kwetu. Tumeipokea ikiwa imeshafungwa ndani ya neno la Kiingereza.

Kwanza tuijue lugha yenyewe. Lithuania iko kando ya Bahari ya Baltiki na ina watu wasiofika milioni 3, wachache kuliko wakazi wa jiji la Dar es Salaam. Katika tawi la lugha za Kibaltiki, Kilithuania kimebaki na ndugu mmoja tu aliye hai, Kilatvia. Kuanzia 1864 hadi 1904 utawala wa mfalme wa Urusi ulipiga marufuku kuchapisha Kilithuania kwa herufi za Kilatini, na watu wakawa wanavusha vitabu mpakani kwa siri, wakihatarisha maisha yao. Waliofanya kazi hiyo wanaitwa knygnešiai, wabeba vitabu. Nchi ilipoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, lugha hiyo iliyowahi kufichwa chini ya magunia ikawa lugha ya sheria. Leo Umoja huo una lugha rasmi 24, na andiko la Kilithuania lina nguvu sawasawa na la Kiingereza mbele ya mahakama. Nyumbani wana Tume ya Taifa ya Lugha inayowajibika kwa bunge, na tangu sheria ya 2003 wana benki ya istilahi: wizara inapendekeza neno, tume inalikagua, likipita linatumika. Wale wanaosema kwamba sayansi haiingii katika lugha ndogo waanzie hapo.

Sasa, istilahi ni nini? Chukua debe. Nyumbani debe ni chombo cha bati cha kuchotea maji. Ukifika sokoni kununua mahindi, debe linakuwa kipimo: muuzaji na mnunuzi wamekubaliana mpaka wake, na anayezidisha au kupunguza anajulikana. Istilahi ni neno la kawaida lililokwenda sokoni likawa kipimo. Na kama yalivyo magunia, kuna maneno yanayofungwa lumbesa, yanashindiliwa maana mpaka juu kunakuwa na kilemba, na anayeumia ni yule wa mwisho kununua. Wa mwisho kununua, katika biashara hii ya maneno, ni sisi wasomaji.

Tuanze na neno lenyewe la mazingira. Kilithuania kinasema aplinka, kutokana na aplink, maana yake kuzunguka pande zote. Kiswahili kinasema mazingira, kutokana na kuzingira. Kiingereza kinasema "environment", neno lililopitia Kifaransa likiwa na maana hiyohiyo ya kuzunguka. Lugha tatu zilizoko mbali zimechora picha moja: kitu kiko katikati na vingine vimekizunguka. Aliye katikati, bila shaka, ni binadamu. Ndiyo maana Walithuania wana neno jingine kwa ulimwengu usiotuhitaji sisi, gamta, lenye mzizi mmoja na gimti, kuzaliwa. Kwa hiyo gamtosauga ni kulinda maumbile, hata kinamasi kisicho na mtu hata mmoja. Aplinkosauga ni kulinda mazingira, pamoja na maji ya bomba, bomba la moshi na kelele za barabarani. Kwetu tuna uhifadhi na tuna utunzaji wa mazingira, ila tunayachanganya mpaka katika majina ya ofisi: baraza la Tanzania la kazi hiyo linaitwa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yote mawili kwa pamoja.

Hayo ni mepesi. Kazi inaanzia kwenye neno linalosomwa kila siku magazetini, "pollution".

Fikiria kiwanda cha ngozi kando ya mto. Kuna mtu anayefungua koki na kumwaga maji machafu: hicho ni kitendo. Kuna kilichomo ndani ya maji hayo, dawa za kulainishia ngozi: hicho ni kitu. Kuna mto wenyewe, ambao sasa una dawa kiasi fulani katika kila lita: hiyo ni hali. Na kuna jambo zima kwa jumla, lile linalojadiliwa bungeni. Kiingereza kinaweza kuyaita yote hayo "pollution". Kilithuania kinachukua kitenzi kimoja, teršti, kuchafua, na kukizalisha: teršimas ni kitendo, teršalas ni kile kinachochafua, užterštumas ni hali na kiwango cha kuchafuka, na tarša ni jambo zima. (Herufi š itamke kama sh, č kama ch, ž ni z iliyotamkwa ulimi ukiwa mahali pa sh.)

Unaweza kudhani huo ni ukaidi wa wanaisimu. Basi sikiliza taarifa kama hii, ikiandikwa kwa Kiingereza kwamba "pollution" imekomeshwa. Mwananchi wa chini ya mto anashangilia na kuchota maji. Lakini kilichokomeshwa ni kitendo. Koki imefungwa, dawa iliyokwisha kuingia kwenye tope la chini ya mto bado ipo, na itakuwepo miaka. Mwandishi wa Kilithuania hawezi kuandika sentensi hiyo bila kuamua. Akisema teršimas imekoma, msomaji anauliza palepale, na užterštumas je?

Hapa ndipo ninapoona uchungu, kwa sababu Kiswahili hakina upungufu wowote katika jambo hili. Tuna kuchafua na kuchafuka. Tuna uchafuzi kwa kitendo, uchafu kwa kitu na hali, kichafuzi kwa kile kinacholeta uchafu. Mtoto wa darasa la pili anajua tofauti ya "ameuchafua mto" na "mto umechafuka". Ila tukikaa kufasiri tunaiacha mali hiyo yote mlangoni, tunaandika uchafuzi kila mahali Kiingereza kilipoandika "pollution", na lumbesa inaendelea na safari.

Neno la taka lina kisa chake. Kiingereza "waste" kina sauti ya kupoteza na kuharibu. Kilithuania cha sheria kinasema atliekos, kutokana na likti, kubaki: ni mabaki, kilichosalia. Takataka za mtaani zina jina lao, šiukšlės, na mahali zinapomwagwa ni sąvartynas, kutokana na kuvingirisha na kupindua, kama lori la taka linavyopindua bodi. Ukisikia mabaki unawaza kitu kisicho na kosa. Ukisikia taka unakunja pua. Lakini sheria ya Ulaya ya taka ya 2008 haiangalii harufu wala usafi. Inasema taka ni kitu chochote ambacho aliyenacho anakitupa, anakusudia kukitupa, au analazimika kukitupa. Gunia la unga wa mbao limekaa nyuma ya kiwanda cha kupasua magogo. Ni safi, linanukia msonobari. Mwenye kiwanda akikusudia kulitupa, ni taka, na lazima afuate masharti ya taka. Akiwa na mteja wa hakika anayelichukua kutengeneza mbao za kushindilia, na masharti mengine ya sheria yakatimia, unga uleule unahesabika kuwa zao la pembeni na si taka. Unga haukubadilika hata punje moja. Kwa hiyo anayesema taka ni uchafu amekosea, na anayesema uchafu wote ni taka naye amekosea.

Kwa upande wa chupa Lithuania imefika mbali. Tangu Februari 2016 ukinunua soda au bia ya chupa au kopo unaweka užstatas, yaani rehani, senti 10 za yuro. Ukirudisha chupa tupu unaitia kwenye mashine dukani, nayo inakupa risiti ya pesa yako. Mashine hiyo inaitwa taromatas: tara ni vyombo vya kufungashia, na mkia wake umechukuliwa kwa bankomatas, mashine ya kutolea pesa benki. Kama asilimia 90 ya vyombo hivyo vinarudi. Sisi tuliokua tukiambiwa "usije dukani bila chupa" tunaujua mpango huo tangu utotoni, kabla haujapata jina kubwa la uchumi wa mzunguko.

Tugeukie swali la shangazi. Kaboni ni moshi?

Kilithuania kinasema anglis, na neno hilo ndilo la makaa na ndilo la elementi ya kaboni. Makaa ya mawe ni akmens anglis. Katika Kiswahili waliounda neno ukaa walifanya jambo lilelile, wakalitoa kwenye makaa, na Kilatini kilichowapa Waingereza "carbon" nacho kilikuwa na neno hilo kwa maana ya makaa. Picha hii ni nzuri kwa sababu ni ya kweli: mkaa wa jikoni, ule mweusi unaochafua vidole, sehemu yake kubwa ni ukaa. Ukaa wenyewe si moshi na si gesi. Uko kwenye mkaa, kwenye ugali, kwenye mbao za kitanda, na kwenye mwili wako.

Gesi inayotajwa redioni ni hewa ukaa, kaboni iliyoungana na oksijeni. Na ndiyo isiyoonekana kabisa. Jiko likiwa limekolea, makaa mekundu bila moshi hata kidogo, ndipo hewa ukaa inatoka kwa wingi. Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mtu anayesikia habari za biashara ya kaboni aiweke mfukoni. Uzito wa ukaa ni 12, wa oksijeni ni 16, na hewa ukaa ina ukaa mmoja na oksijeni mbili, jumla 44. Kwa hiyo kilo 12 za ukaa mtupu zikiungua zinatoa kilo 44 za hewa ukaa. Uzito wa ziada umetoka kwenye hewa tunayovuta. Maana yake, tani ya kaboni na tani ya hewa ukaa si kitu kimoja. Zinapishana karibu mara nne. Kiingereza cha magazeti kinasema "carbon" kwa zote mbili. Sheria za Kilithuania zikikusudia gesi huandika anglies dioksidas, na mtu hawezi kupotea. Kijiji kinapoambiwa msitu wake una tani kadhaa za kaboni, swali la kwanza liwe: tani za ukaa, au za hewa ukaa?

Gesijoto sasa. Kiingereza kilichagua picha ya kitalu nyumba, kile chumba cha plastiki au kioo cha kupandia nyanya na pilipili hoho, kikakiita nyumba ya kijani. Kilithuania kilikuwa tayari na jina zuri zaidi la chumba hicho: šiltnamis, yaani šiltas, yenye joto, na namas, nyumba. Rangi ya majani haikutajwa, kimetajwa kinachotokea ndani. Sheria zao zikizungumzia gesi hizi zinasema šiltnamio efektą sukeliančios dujos, gesi zinazosababisha athari ya nyumba joto. Ni ndefu, na kwenye nyaraka wanaikatisha kuwa ŠESD, lakini angalia ilichobeba: gesi hizo hazina joto, zinasababisha tu. Gesijoto letu ni fupi na linatamkika, ila mdogo wangu hana lawama akidhani ni gesi yenye moto.

Mfano wa kitalu nao usivutwe mbali. Kitalu kinapata joto hasa kwa sababu plastiki inazuia hewa ya ndani isipande na kuondoka. Toboa paa na joto linakwenda. Angani hakuna paa. Ardhi inapashwa na jua, halafu inarudisha joto juu kwa mionzi tusiyoiona kwa macho, na gesi kama mvuke wa maji, hewa ukaa na methani zinanyonya mionzi hiyo na kurudisha sehemu yake chini. Blanketi ni mfano wa karibu zaidi: halina moto, ila linachelewesha joto lako kuondoka. Na blanketi lenyewe si adui. Bila gesi hizi wastani wa joto duniani ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake. Tatizo ni kuongeza blanketi juu ya blanketi.

Hata jina la ongezeko la joto lina uzito tofauti kwa kila msikilizaji. Walithuania wanasema visuotinis atšilimas. Atšilimas ni neno ambalo mtu hulisema Februari baridi kali inapolegea na theluji kuanza kudondoka kutoka kwenye mapaa. Ni neno la nafuu. Mwalimu wa huko anayefundisha hatari ya atšilimas anapambana kwanza na utamu wa neno. Kiswahili hakina mzigo huo, kwa kuwa hakuna anayesikia "ongezeko la joto" Dodoma mwezi Oktoba akafurahi. Neno linaloshika vizuri zaidi katika lugha yao ni klimato kaita, kubadilika kwa tabianchi. Na kuhusu tabianchi, jibu ni fupi: hali ya hewa ni leo kuna mvua, tabianchi ni desturi ya mahali kwa miaka mingi, na wataalamu huhesabu wastani wa miaka 30. Mtu anaweza kuamka na hasira siku moja na bado akawa na tabia ya upole. Siku moja ya baridi haifuti tabianchi.

Kisha kuna "climate neutrality", lengo ambalo Umoja wa Ulaya uliliwekea sheria 2021 kwamba lifikiwe ifikapo 2050. Ukilifasiri neno kwa neno unapata kutoegemea upande kwa tabianchi, kama vile tabianchi ni nchi isiyojiunga na vita. Wafasiri wa Kilithuania hawakukubali. Waliandika poveikio klimatui neutralumas, wakaongeza neno poveikis, athari. Kinachotakiwa kuwa sifuri ni athari yetu juu ya tabianchi. Neno moja lililoongezwa limewapa wasomaji wao kile ambacho Mwingereza wa kawaida analazimika kwenda kukiulizia.

Nisiwapambe kupita kiasi. Yako mahali wao wenyewe wamekwama, na penye ubishi mkubwa ni maendeleo endelevu. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieneza dhana hii 1987: kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi yao. Kiingereza kilitumia "sustainable", linalotokana na kushikilia, kutegemeza. Walithuania wakatawanyika. Kuna waliosema subalansuota plėtra, upanuzi wenye mizania. Wengine tausojamasis vystymasis, maendeleo yenye kutumia kwa uangalifu, kama mama anavyopima mafuta ya taa. Wengine tvarus, chenye kudumu. Mkakati wa taifa wa 2003 ulichukua darnus vystymasis, kutokana na darna, kupatana, mambo kuafikiana bila kimoja kukivunja kingine. Lakini siku hizi dukani na kwenye matangazo lililoenea ni tvarumas, udumifu, na mtumiaji anasoma mfuko ni tvarus akidhani maana yake haupasuki.

Tazama jinsi kila chaguo linavyovuta upande wake. Plėtra ni kupanuka, hata kupanuka kwa Umoja wa Ulaya wanakuita hivyo, na dunia haipanuki. Tvarus inasema kitu kidumu, lakini hata umaskini unaweza kudumu. Mimi ningekuwa huko ningeshika darnus, kwa sababu linauliza nani anaumia ili nani apate. Kiswahili endelevu tumelitoa kwenye kuendelea, mzizi uleule wa maendeleo. Kwa hiyo tunasema kuendelea kunakoendelea, na wazo la kujizuia, ambalo ndilo moyo wa dhana yote, halionekani popote ndani ya neno. Simaanishi tulifute, limeshakomaa. Ila anayelifundisha asidhani neno litamfundishia.

Chakula kinachoitwa "organic" nitakipita haraka. Kilithuania kinasema ekologiškas, Kifaransa biologique, Kijerumani kina ökologisch na biologisch, na sheria ya Ulaya inayalinda majina yote hayo katika orodha moja kama kitu kimoja: huwezi kuyabandika kwenye maziwa bila kukaguliwa. Anayesoma ekologiškas kwenye pakiti akadhani ni habari za sayansi ya ekolojia amepotea njia. Sisi tuna kilimo hai, na kati ya majina yote hayo naona letu ndilo lenye uhai zaidi.

Nimeacha mwisho neno ninalolipenda kuliko yote.

Lithuania ni nchi ya vinamasi. Kiingereza kina majina mengi ya vinamasi, na mawili yake, "bog" na "fen", yanatofautishwa vikali na wanasayansi, lakini kwa mtu asiyesomea hayamwambii chochote, lazima akariri. Kilithuania kinasema aukštapelkė na žemapelkė. Pelkė ni kinamasi, aukštas ni juu, žemas ni chini. Kinamasi cha juu na kinamasi cha chini. Ya chini inaeleweka: maji yanatiririka kutoka ardhini na mitoni yakatuama bondeni. Ila kinamasi kinawezaje kuwa juu?

Ni kazi ya mmea mdogo, kuvumwani wanaoita kiminai. Ukikishika mkononi ni kama sifongo iliyolowa, ukikamua maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kinakua kwa juu na kufa kwa chini, na sehemu iliyokufa haiozi sawasawa kwa sababu imezama kwenye maji ya uchachu yasiyo na hewa. Inajilundika kidogo kidogo, kama milimita moja kwa mwaka. Acha miaka elfu kadhaa ipite na katikati ya kinamasi panakuwa pamevimba kama mgongo wa kobe, mita kadhaa juu kuliko kingo zake. Maji ya mto hayafiki tena pale juu. Kinakunywa mvua peke yake. Yote haya, urefu, mvua na umaskini wa chakula unaofanya mimea ya pale iwe midogo na ya ajabu, yamo ndani ya neno aukštapelkė.

Kimoja cha aina hiyo kiko Aukštumala, karibu na mlango wa mto Nemunas. Mwaka 1902, eneo hilo likiwa chini ya Ujerumani, Carl Albert Weber alichapisha juu yake utafiti wa kina unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani kwa kinamasi cha juu. Sehemu kubwa yake baadaye ilichimbwa, kwa kuwa lile lundo la mimea isiyooza, durpės, likikaushwa linawaka kama makaa na linafaa pia kwenye vitalu vya maua.

Vinamasi vingine vilikauka kwa sababu ya neno. Wakati wa utawala wa Kisovieti mitaro ilichimbwa nchi nzima kutoa maji ili pafanywe mashamba, na kazi hiyo ikaitwa, na bado inaitwa, melioracija. Mzizi wake ni Kilatini melior, bora zaidi. Yaani kukausha kinamasi jina lake ni kukiboresha. Nani angepinga kuboresha? Mashamba yalipatikana kweli, na watu wakala. Lakini durpės ikikutana na hewa inaanza kuoza, na ukaa uliokuwa umelala humo maelfu ya miaka unaungana na oksijeni na kupaa, kimyakimya, bila moshi, kila kilo 12 zikiwa 44. Jambo hilo linatuhusu. Katika bonde la Kongo mwaka 2017 wanasayansi walichora ramani ya vinamasi vya udongo wa namna hiyo vyenye ukubwa wa kilomita za mraba 145,500 hivi, wakakadiria ukaa uliomo kuwa kama tani bilioni 30. Ni tani za ukaa, si za hewa ukaa. Na huku Kiswahili chetu cha habari bado kinaviita vinamasi vyote, cha juu na cha chini, chenye udongo huo na kisicho nao, ardhioevu tu.

Huko Lithuania sasa, penye baadhi ya vinamasi hivyo, mafundi wanarudi kwenye mitaro ileile ya melioracija. Wanaiziba kwa vizuizi vidogo vya mbao na udongo, mmoja baada ya mwingine. Maji yanapanda polepole mpaka kwenye mizizi, miti iliyokuwa imevamia pale pakavu inaanza kufa, na kiminai kinarudi. Kazi hiyo wanaiita atkūrimas, kuumba upya.